Fallingwater ina magonjwa mawili, na matengenezo ya sasa ni ya mmoja tu

Majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025, nyumba ya kuishi ambayo huenda ndiyo iliyopigwa picha kuliko zote nchini Marekani ilianza kuvikwa jukwaa la mabomba na maturubai. Fallingwater, iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright juu ya maporomoko ya kijito cha Bear Run katika milima ya kusini-magharibi mwa Pennsylvania, iliingia kwenye matengenezo ya dola milioni 7 chini ya Western Pennsylvania Conservancy, shirika lililokabidhiwa nyumba hiyo mwaka 1963. Kazi yenyewe ni ya mapaa bapa, mabaraza, kuta za mawe na fremu za madirisha. Yaani ni kazi ya maji. Hata hivyo maoni mengi yaliyofuatia picha hizo yalifufua hadithi ya zamani: kwamba nyumba inaanguka tena, kwamba Wright hakujua hesabu, na kwamba mamilioni yanamwagwa kwenye jengo lililokuwa bovu tangu siku ya kwanza. Wapenzi wake nao wakajibu kwamba ni ukarabati wa kawaida tu, kila nyumba ya miaka tisini hukarabatiwa.

Pande zote mbili zimekosea, na chanzo cha kosa ni kimoja. Yamechanganywa magonjwa mawili yasiyo na undugu. Wa kwanza ni kupinda kwa sakafu. Huo ulitokana na hesabu finyu na utaratibu mbaya wa kumwaga zege, ungeweza kuepukwa kwa gharama ndogo, na ulitibiwa mwaka 2002. Wa pili ni kuvuja. Huo hautokani na hesabu hata kidogo. Ni bei ya uamuzi wa kisanifu ambao Wright aliufanya kwa kujua, na kila baada ya miongo michache bei hiyo italipwa upya madhali nyumba itabaki na sura ile. Anayeuhukumu ugonjwa wa pili kwa ushahidi wa wa kwanza hataelewa kwa nini fedha zinatumika wala kazi ni ngumu kwa sababu gani.

Wright alizaliwa Juni 8, 1867, Richland Center, Wisconsin. Chuo kikuu hakukimaliza, ila alifanya kazi kwa Allan Conover, profesa wa uhandisi ujenzi, kisha akaenda Chicago na kukaa miaka kadhaa katika ofisi ya Adler na Sullivan hadi 1893. Jina lake lilijengwa na nyumba za tambarare za Illinois na jirani zake, zenye mapaa ya mteremko mdogo na kingo ndefu zinazotokeza nje ya kuta. Zege halikuwa geni kwake. Kanisa la Unity Temple pale Oak Park, lililokamilika 1908, lilimwagwa zege na kuachwa wazi bila kufunikwa kwa matofali wala mawe, jambo la nadra kwa jengo la hadhi hiyo wakati huo. Mwishoni mwa 1934, alipopelekwa kuliona eneo la Bear Run na Edgar J. Kaufmann, mwenye duka kubwa la Pittsburgh, alikuwa na miaka 67 na wengi katika fani walishamweka kwenye kabati la historia. Michoro ya kwanza ilitoka Septemba 1935. Ujenzi ulianza 1936, familia ikahamia mwishoni mwa 1937, na nyumba ya wageni ya upande wa juu ikaongezwa 1939. Kwa jumla Kaufmann alilipa takriban dola 155,000, mara kadhaa ya alichotarajia mwanzoni.

Kaufmann alitaka nyumba inayotazama maporomoko. Wright akamwekea nyumba juu ya maporomoko, na hapo ndipo mzigo ulipoanzia. Sakafu ya sebule imeshikiliwa upande mmoja tu, kama rafu iliyopigiliwa ukutani, na inatokeza juu ya maji karibu mita 4.5 kutoka kwenye miguu ya zege iliyosimama mwambani. Wahandisi huita muundo huu kantiliva. Slabu ya kawaida inayokaa juu ya kuta mbili hubonyea katikati, kwa hiyo chini ndiko kunakovutwa na nondo kuu hulazwa chini. Kantiliva ni kinyume chake: ncha ikishuka, sehemu ya juu ndiyo inayovutwa na ya chini inabanwa, na nondo za maana lazima zikae juu. Wright na wahandisi wake, Mendel Glickman na William Wesley Peters, walilijua hilo vizuri. Hata slabu waliigeuza: bamba pana la zege likawekwa chini, mbavu zikasimama kuelekea juu, na juu ya mbavu wakalaza mbao za redwood na mawe ya sakafu. Kwa mpango huo zege jingi limekaa mahali panapobanwa, ambako zege lina nguvu, na tumbo la nyumba linaloonekana kutoka kijitoni likawa laini bila boriti hata moja. Anayedai mtu huyu hakujua kani zinapita wapi aanze kwa kuutazama mpango huo.

Tatizo lilikuwa kiasi. Michoro ya Wright iliweka nondo 8 za pembe nne, za inchi 1 kila upande, katika kila boriti kuu. Mwaka 1936, kabla zege la sebule halijamwagwa, Kaufmann aliipa michoro kampuni ya uhandisi ya Pittsburgh, Metzger-Richardson, nayo ikaongeza nondo hadi 16. Wright alipopata habari aliwaka. Baadaye alishikilia kwamba chuma hicho cha ziada kilikuwa mzigo tu. Miaka sitini ikapita, na hesabu za kompyuta zilizofanywa miaka ya 1990, zikaendelezwa na ofisi ya mhandisi Robert Silman wa New York, zilionyesha kwamba kwa nondo 8 boriti zingezidiwa, na kwamba hata kwa 16 zilikuwa zimebeba karibu na kikomo.

Sababu mbili zaidi ziliongeza uzito wa kosa. Kwanza, mbao za kumwagia zege, yaani fomu, hazikuinuliwa mbele. Fundi anayejua kantiliva huiinua ncha ya fomu sentimita chache juu ya usawa, akijua kwamba mbao zikiondolewa zege litashuka na kukaa mahali pake. Fomu za sebule zilipoondolewa, ncha ilishuka karibu sentimita 4.5 papo hapo, na kwa kuwa haikuinuliwa tangu awali, kila milimita ilionekana. Pili, ghorofa ya juu ilidhaniwa kujibeba. Haikuweza. Baraza la chumba cha kulala lilipoanza kupasuka na kushuka, uzito wake ulipita kwenye vipande vinne vya chuma vyenye umbo la herufi T vilivyomo katika madirisha ya mbele ya sebule, ukatua kwenye ncha ya sakafu ya chini, mahali pabaya kabisa pa kuweka mzigo. Kilichochorwa kama fremu ya dirisha kikageuka nguzo, na slabu moja ikawa inabeba mbili.

Zege likishabebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi haliachi kusogea. Linalegea polepole kwa miaka, bila kishindo. Kaufmann alikuwa mfanyabiashara mwenye wasiwasi wa haki, akawa analeta wapimaji kupima ncha za mabaraza kuanzia 1941 hadi 1955, mwaka aliofariki, na vipimo hivyo ndivyo vilivyowasaidia wahandisi wa baadaye kujua kwamba mwendo haujasimama. Kufikia miaka ya 1990 ncha ilikuwa imeshuka hadi sentimita 18. Mwaka 1997 nguzo za chuma za muda zilisimamishwa ndani ya kijito. Tiba ya kudumu ilifanyika 2002: mawe ya sakafu ya sebule yakapewa namba na kung'olewa, vitalu vya zege vikafungwa kwenye mbavu za boriti, nyaya za chuma zenye nguvu nyingi zikapitishwa pembeni mwa boriti kuu na kukazwa kwa jeki, mawe yakarudishwa. Nyaya hizo huivuta slabu kuelekea nyuma, zikifanya kazi ambayo nondo zilishindwa kuimaliza. Hakuna aliyejaribu kuinyoosha sakafu. Kuilazimisha zege lililopinda kwa miaka sitini irudi kwenye usawa kungefungua nyufa mpya na kuvunja vioo. Lengo lilikuwa kuizuia isiendelee. Ugonjwa wa kwanza uliishia hapo.

Sasa kuvuja. Kaufmann mwenyewe aliita nyumba yake jengo la ndoo saba, akihesabu ndoo za kukinga matone. Kuanzia hapa hesabu za boriti hazina msaada wowote. Wright alitaka mtu aliyekaa sebuleni asijue ndani inaishia wapi na nje inaanzia wapi. Ili hilo litokee, slabu hiyohiyo ya zege inatoka chumbani na kuwa baraza bila kukatwa. Mawe ya sakafu yanaendelea ndani na nje karibu katika usawa mmoja, bila kizingiti cha maana cha kuzuia maji. Ukuta wa mawe unapita kutoka nje hadi ndani, na mahali pengine kioo kimeingizwa moja kwa moja kwenye mfereji uliochongwa ndani ya jiwe, hakuna fremu. Mapaa ni bapa na kingo zake ni zege tupu lililopakwa rangi, pasipo kifuniko cha juu wala ukingo wa kudondoshea maji.

Kila kimoja cha vitu hivyo ni njia ya maji, na kila kimoja kina jinsi yake ya kuharibika. Kwenye baraza, mvua hupita kati ya viungo vya mawe na kutua juu ya slabu, chini ya sakafu unayoiona. Kinachoizuia isiingie ndani ni utando wa kuzuia maji uliolazwa juu ya zege. Utando huo huishi miaka ishirini au thelathini, na hauwezi kufikiwa bila kung'oa mawe yote, kuyapa namba na kuyarudisha kila jiwe mahali pake. Ukipasuka kwenye kona ya ukingo, maji hayatokezi hapo. Hutembea chini ya mawe hadi yapate upenyo, na doa likaonekana mita kadhaa mbali. Ndiyo maana kuziba ufa unaoonekana hakusaidii. Kuta nazo zimejengwa kwa nyuso mbili za jiwe la mchanga lililochimbwa palepale, katikati zikajazwa mawe madogo na chokaa ya saruji, na zimeachwa na mapengo yasiyoonekana. Maji yakiingia juu hushuka kupitia mapengo hayo hadi ndani ya chumba, yakiyeyusha chokaa njiani. Tiba ni kuingiza uji mwembamba wa saruji na chokaa kwa shinikizo dogo, kuanzia chini kwenda juu, tundu kwa tundu. Shinikizo likizidi, uso wa ukuta unavimba. Uji ukiwa mgumu mno kuliko jiwe, ni jiwe litakalopasuka. Pale ambapo kioo kimeingia ndani ya jiwe, joto na baridi huvitanua vitu hivyo viwili kwa viwango tofauti, na gundi iliyo katikati hukatika. Fremu za chuma za madirisha, zenye ule wekundu Wright aliouita wa Cherokee, hutoa jasho wakati wa baridi kwa sababu chuma hakizuii ubaridi kupenya. Jasho likileta kutu, kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, na ndivyo fremu inavyopinda na kulisukuma jiwe. Nondo zilizo karibu na uso wa zege hufanya vivyo hivyo. Halafu ongeza maporomoko yanayotoa unyevu mchana na usiku, na majira ya baridi ambapo maji yaliyoingia kwenye nyufa huganda, hutanuka, huyeyuka na kuganda tena.

Fallingwater haiko peke yake katika hili. Unity Temple lilipitisha mifereji ya maji ya mapaa ndani ya nguzo ili nje isionekane bomba. Mifereji ikiziba, maji huingia ndani ya zege. Mwaka 2008 kipande cha dari kilianguka, na ukarabati uliokamilika 2017 uligharimu takriban dola milioni 25. Nyumba ya Ennis pale Los Angeles, ya 1924, ilijengwa kwa vitalu vya zege vyenye nakshi vilivyoshonwa kwa nondo nyembamba kwenye viungo. Maji yakazifikia nondo na vitalu vikapasuka kutoka ndani. Tabia ni moja: kuficha kinachotoa maji, kuondoa kinachokinga, kuacha uso usiwe na mkato.

Hoja ya upande unaomlaumu Wright ina uzito wake. Alionywa na alijua. Mapaa yake yalikuwa yamevuja kwa zaidi ya robo karne kabla ya Bear Run, na mteja hakupewa mwongozo wowote wa kutunza jengo ambalo halikuwa na mfano. Msanifu anayemwachia mteja deni la kudumu bila kumwambia ana lawama. Hili silipingi. Ninachopinga ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba hesabu bora zingeiokoa nyumba na mirunda ya leo. Hata nondo 32 zisingeongeza siku moja ya uhai wa utando wa kuzuia maji. Kilichohitajika ili kuzuia maji ni kizingiti cha sentimita 10 kwenye kila mlango, mteremko wa paa, vifuniko vya bati juu ya kingo, mkato kati ya slabu ya ndani na ya nje, na fremu kuzunguka kila kioo. Weka vyote hivyo na utapata nyumba kavu, yenye hadhi ya wastani, ambayo hakuna ambaye angesafiri kuja kuiona.

Watu wa pwani yetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilikuwa na mapaa bapa ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, yakipigwa kwa magongo siku nyingi hadi yashikamane, na bado yalivuja. Wenye nyumba wakapandisha makuti, baadaye mabati, juu ya paa la zamani, wakaishi pakavu. Lilikuwa suluhisho la busara kwa nyumba ambayo uzuri wake uko ndani, kwenye ua, zidaka na milango. Fallingwater haina pa kupandisha bati. Mistari yake ya ulalo ndiyo nyumba yenyewe.

Upande wa watetezi, hoja dhaifu kupita zote ni ile iliyoanzishwa na Wright mwenyewe na inayorudiwa mpaka leo: kwamba sakafu ilipinda kwa sababu ya chuma kilichoongezwa na wahandisi wa Pittsburgh. Tufanye hesabu. Nondo ya inchi 1 kwa inchi 1 ina uzito wa karibu kilo 5 kwa mita. Nondo 8 za ziada ni kilo 40 kwa kila mita ya boriti. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kilo 40 ni sawa na kuongeza zege la unene usiofika sentimita 3 juu ya boriti yenye upana wa sentimita 60. Na hapo bado hujatoa uzito wa zege ambalo nondo hizo zimechukua nafasi yake. Mzigo mdogo hivyo haupindishi slabu kwa sentimita 18. Kuna pia kisa kinachopendwa sana na watetezi: wahandisi waliongeza ukuta wa mawe chini ya baraza la magharibi, Wright akaagiza safu ya juu ya mawe itolewe kimyakimya, na baada ya wiki kadhaa akamwonyesha Kaufmann kwamba baraza limesimama bila kugusa ukuta. Ni kisa kizuri. Ila kinathibitisha tu kwamba baraza halikuanguka katika wiki hizo. Zege halilegei kwa ratiba ya mwenye hoja.

Wala haisaidii kumtetea Wright kwa kudai kwamba uhandisi ulikuwa haujafika wakati huo. Mwaka 1937, pale Racine, Wisconsin, wakaguzi walitilia shaka nguzo zake nyembamba za jengo la Johnson Wax, zilizotakiwa kubeba tani 12. Nguzo ya majaribio ikapakiwa hadi tani 60 kabla ya kuangushwa. Wahandisi wake walikuwa walewale. Tofauti ni kwamba Racine kulifanyika jaribio hadharani kwenye nguzo halisi, na Bear Run jaribio likawa nyumba yenyewe, huku msanifu akiwa Wisconsin na kazi ikiwa mikononi mwa mwanafunzi wake Bob Mosher na mjenzi Walter Hall. Somo la ugonjwa wa kwanza ni la usimamizi: mhandisi wa pili angesikilizwa mapema badala ya kufokewa, nondo na fomu zingesahihishwa kwa dola chache.

Inabaki hoja ya fedha, inayotolewa kwa kulinganisha milioni 7 na zile 155,000. Mlinganisho huo haufai kama ulivyo, maana dola 155,000 za 1937 ni zaidi ya milioni 3 kwa bei za leo. Ukishasahihisha, ukweli bado ni mzito: awamu moja ya kuzuia maji imezidi mara mbili gharama ya kuijenga nyumba nzima. Ulinganisho wa haki ni kwa miaka. Nyumba ilifunguliwa kwa umma 1964, ikaingizwa pamoja na majengo mengine 7 ya Wright kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2019, na mapato ya wageni ni sehemu ya maisha yake. Kama utando mpya utadumu miaka thelathini, milioni 7 ni kama dola 230,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba hiyo anatakiwa kuanza kuweka fedha za awamu inayofuata mwaka uleule jukwaa linapoondolewa. Mchango unaokusanywa kwa dharura, baada ya doa kuonekana kwenye dari, hufika wakati nondo zimeshaanza kutu, na kukarabati zege ni ghali kuliko kubadili utando.

Basi mgeni atakayefika Bear Run baada ya maturubai kuondolewa asitafute ushahidi wa kazi hii kwenye mstari wa baraza la sebule. Akisimama upande wa daraja na kuutazama kwa makini, atauona bado umeinama, kama wahandisi walivyouacha 2002. Kazi ya safari hii iko chini ya mawe anayoyakanyaga, na ripoti yake ya kwanza itatoka kwenye dari za ghorofa ya chini, theluji ya majira kadhaa ya baridi itakapokuwa imeyeyuka juu yake.